Chemchemi na Mitungi: Historia ya Nyumba za Sanaa kwa Vijana wa Afrika Mashariki

Walimu wenzangu watakumbuka jinsi Siku ya Kiswahili inavyoadhimishwa katika shule zetu hapa Uganda. Mgeni wa heshima huketishwa mbele, wazazi hujipanga chini ya mwembe, na kundi la wanafunzi hupanda jukwaani kughani ngonjera. Sauti zao hupanda na kushuka kwa pamoja, mikono huinuliwa kwa wakati mmoja, na vina huanguka mahali pake bila ya kukosea. Wageni hupiga makofi, na mwalimu wa Kiswahili hupongezwa. Nami nimepongezwa hivyo mara nyingi. Lakini mwaka mmoja, siku ya pili baada ya sherehe, niliwaambia vijana wale wale waandike ukurasa mmoja juu ya jambo lolote walilopata kuliona nyumbani kwa macho yao wenyewe. Wakakaa kimya. Hatimaye msichana mmoja, ambaye jana yake alikuwa ameghani vizuri kuliko wote, akainua mkono na kuuliza kwa adabu: "Mwalimu, tuandike maneno ya nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Swali hilo ndilo lililonipeleka katika historia ninayotaka kuieleza hapa, yaani historia ya vyama na nyumba za fasihi ambazo hazikuwa za serikali wala za biashara, bali zilijitwika kazi ya kuwafunza vijana wa Afrika Mashariki sanaa ya kutunga na kuigiza. Nitatazama zaidi nyumba moja iliyoitwa Chemchemi, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1963. Kisha nitaiweka sambamba na kazi ya chama cha washairi wa Tanzania na ya kijiji kimoja cha Limuru. Nia yangu si kuwasifu wala kuwalaumu waliotutangulia. Yafaa tujue walichotuachia, na walichokiacha bila kukimaliza, kwa kuwa waliobaki na kazi hiyo ni sisi walimu.

Mwalimu aliyefukuzwa

Habari ya Chemchemi haielezeki bila ya kumtaja mtu aliyeianzisha. Ezekiel Mphahlele, ambaye baadaye alijiita Es'kia, alizaliwa Pretoria, Afrika ya Kusini, mwaka 1919. Utotoni alichunga mbuzi kijijini kwa bibi yake, kisha akarejea mjini kuishi na mama yake katika mtaa wa Marabastad. Alisoma kwa shida, akawa mwalimu, akafundisha katika shule ya sekondari ya Orlando, Johannesburg. Humo ndimo alimojiunga na kazi ya chama cha walimu Waafrika wa Transvaal, akawa katibu wake.

Miaka ile serikali ya makaburu ilikuwa ikiandaa mpango wa elimu duni kwa watoto weusi, mpango uliotiwa katika sheria mwaka 1953. Makusudi yake hayakufichwa: mtoto wa Kiafrika afunzwe kwa kiasi cha kumtumikia mzungu, asizidi hapo. Chama cha walimu kiliupinga mpango huo kwa maneno na kwa maandishi. Mwaka 1952 Mphahlele na wenziwe wawili, Zephania Mothopeng na Isaac Matlare, wakafukuzwa kazi na kuzuiwa kufundisha katika shule za serikali nchini mwao. Mphahlele alihangaika kwa miaka mitano. Alifundisha kwa muda Basutoland, akaandika katika jarida la Drum, na mwaka 1957 akaihama nchi yake na kwenda Nigeria. Miaka miwili baadaye kilitoka kitabu chake cha maisha, Down Second Avenue, kilichomfanya ajulikane duniani.

Nayaeleza haya kwa sababu yanatuhusu. Huyu alikuwa mwalimu wa darasani na mwanachama wa chama cha walimu kama chetu. Aliponyang'anywa darasa alianza kutafuta mahali pengine ambapo kijana wa Kiafrika angeweza kufunzwa bila ya kuomba ruhusa ya wale wanaomdharau.

Mfano wa Nigeria na mkutano wa Kampala

Mahali pa namna hiyo alipaona kwanza Ibadan. Mwaka 1961 waandishi na wasanii wa mji huo, miongoni mwao Wole Soyinka, Christopher Okigbo na J. P. Clark, pamoja na Mjerumani Ulli Beier, walianzisha klabu iliyoitwa Mbari. Jina hilo lilitoka katika lugha ya Igbo, nalo lilipendekezwa na Chinua Achebe. Mphahlele alikuwa mmoja wa viongozi wa klabu hiyo. Palikuwa na ukumbi wa michezo ya kuigiza, mahali pa kutundika picha, na kazi ya kuchapa vitabu vya waandishi wapya.

Mwaka uliofuata tawi kama hilo lilifunguliwa katika mji wa Osogbo, nyumbani kwa Duro Ladipo, mtunzi wa michezo ya Kiyoruba. Watu wa sokoni waliposikia neno Mbari, ambalo kwao halikuwa na maana, walilivuta katika lugha yao wakaliita Mbari Mbayo, yaani kitu ambacho tukikiona tutafurahi. Nyumba ikawa yao tangu siku walipoibatiza upya. Katika warsha zilizofanyika hapo kati ya 1962 na 1964, vijana wa mjini, wengi wao wakiwa na elimu kidogo ya shule, walipewa rangi na karatasi wakaachwa wajaribu. Miongoni mwao walitoka Jimoh Buraimoh, Muraina Oyelami na Twins Seven-Seven, ambao kazi zao zilikuja kuonyeshwa katika nchi nyingi.

Wakati huo Mphahlele alikuwa amekwisha hamia Paris, ambako tangu 1961 aliongoza shughuli za Afrika katika shirika la kimataifa lililoitwa Congress for Cultural Freedom. Shirika hilo ndilo lililotoa fedha kwa Mbari. Ndilo pia lililogharimia mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika hapa kwetu, Makerere, mwezi wa Juni 1962, nao Mphahlele alikuwa mwandalizi wake mkuu. Walikuja Achebe, Soyinka, Okigbo na wengine wengi; na miongoni mwa vijana waliokaribishwa alikuwamo mwanafunzi wa Makerere, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa na hadithi fupi chache tu mkononi.

Lakini mkutano ule ulikuwa na mlango mwembamba. Uliitwa mkutano wa waandishi Waafrika wanaoandika kwa Kiingereza, na kwa hiyo asiyeandika kwa Kiingereza hakuwa na kiti. Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika vitabu vingi kuliko wengi wa waliokaribishwa, hakuwa na kiti. Naye alifariki dunia mwezi ule ule wa Juni 1962. Ngũgĩ alikuja kulitaja jambo hili kwa uchungu miaka ishirini na zaidi baadaye, katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na fasihi. Sisi tunaofundisha Kiswahili hatuna budi kulikumbuka, kwa sababu kasoro ile ya mlango ndiyo iliyoingia katika nyumba iliyofuata.

Chemchemi ya Nairobi

Mwezi wa Agosti 1963, miezi minne kabla ya Kenya kupata uhuru wake, Mphahlele aliwasili Nairobi na familia yake. Alitumwa kufungua nyumba ya sanaa kwa mfano wa Mbari. Jina alilolichagua lilikuwa la Kiswahili: Chemchemi. Ni jina zuri, na yeyote aliyewahi kuchota maji alfajiri anajua maana yake. Chemchemi haitiwi maji na mtu. Hububujika kutoka chini, na kazi ya mtu ni kuizibua na kuitunza.

Nyumba hiyo ilikuwa na kazi za uandishi, michezo ya kuigiza, maonyesho ya picha, na muziki. Mphahlele hakutaka iwe mahali pa wakubwa wa mjini kukutana jioni. Alisafiri kwenda katika shule na vyuo vya mikoani, akafanya warsha za utungaji pamoja na wanafunzi na walimu wao.

Yafaa tukumbuke shule za Kenya zilivyokuwa wakati ule. Mtihani wa sekondari ulitoka Cambridge. Tangu 1957 ulikuwapo mpango mpya wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, nao ulikuwa ukienezwa kwa kasi. Insha ilikuwa zoezi la kuonyesha kwamba mwanafunzi hakosei. Alama zilikatwa kwa kila kosa la nahau, na kama hapakuwa na kosa, hapakuwa na neno zaidi la kuambiwa. Mwanafunzi aliyejua kazi yake aliandika juu ya theluji asiyopata kuiona, kwa maneno aliyoyaokota katika kitabu cha kiada. Warsha ilikuwa na utaratibu mwingine. Kijana alileta aliyoyaandika, akayasoma kwa sauti mbele ya wenziwe, wakamwambia walipoelewa na walipopotea, naye akarudi kuandika tena. Mwalimu aliuliza maswali: huyu mzee unayemtaja alivaa nini? Alisema nini hasa? Wewe ulikuwa umesimama wapi? Kwa maswali ya namna hiyo kijana aligundua kwamba maisha ya kwao yanaweza kuwa fasihi.

Matokeo ya safari zile tunayo. Mwaka 1966 Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lilichapisha kijitabu cha Mphahlele kiitwacho A Guide to Creative Writing, mwongozo mfupi wa kutunga hadithi na riwaya. Ni kitabu kidogo, lakini ni hati muhimu ya elimu yetu, kwa sababu ndani yake mtunzi mzoefu anazungumza na kijana wa Kiafrika kama mtunzi mwenziwe aliye mwanzoni mwa njia.

Basi ni wapi pungufu? Jina la nyumba lilikuwa la Kiswahili, na kazi yake kubwa ilikuwa ya Kiingereza. Mphahlele mwenyewe alikuwa mgeni. Lugha ya mama yake ilikuwa Kisotho cha Kaskazini, na Kiingereza kilikuwa chombo chake cha kazi. Zaidi ya hayo alikuwa na hoja. Mwaka 1963 Obi Wali wa Nigeria aliandika katika jarida la Transition, lililochapishwa Kampala, kwamba fasihi ya Kiafrika kwa lugha za Ulaya inaelekea mahali pasipo njia. Mphahlele alikuwa miongoni mwa waliomjibu. Alishikilia kwamba Kiingereza na Kifaransa vimekuwa lugha za kuwaunganisha Waafrika dhidi ya wakoloni. Kwa mtu aliyetoka Afrika ya Kusini, ambako serikali ilizitumia lugha za asili ili kuwatenganisha watu weusi katika makundi madogo madogo, hoja hiyo ilikuwa na uzito, na si haki kuipuuza. Lakini Nairobi haikuwa Johannesburg. Hapa palikuwa tayari na lugha ya Kiafrika inayowaunganisha watu wa makabila mengi, nayo ndiyo ilikuwa imeandikwa mlangoni.

Fedha na mwenye fedha

Mwaka 1965 Mphahlele aliiacha Chemchemi akaenda kufundisha katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, na mwaka uliofuata akaondoka kwenda Marekani. Haikupita miaka mingi nyumba ikafungwa. Iliyoanzishwa na mtu mmoja kwa fedha za mbali, haikupata wenyeji wa kuirithi.

Kisha ikatokea fedheha. Mwaka 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba shirika lile la Paris lilikuwa likipata fedha zake kwa siri kutoka katika idara ya ujasusi ya Marekani. Waandishi wengi wa Afrika walishtuka. Mphahlele alieleza katika Transition kwamba wao hawakujua chimbuko la fedha zile, na kwamba hawakufanya lolote ambalo wasingelifanya kama fedha zingetoka kwingine. Naamini alisema kweli. Hakuna ushahidi kwamba mwanafunzi yeyote wa Chemchemi aliambiwa aandike nini. Hata hivyo msiba ulikuwapo, nao ulikuwa wa namna nyingine: wale waliofunzwa hawakuwa na sauti juu ya kuendelea au kutoendelea kwa nyumba ile. Aliyeishika kamba ya ndoo alikuwa mbali, na alipoiachia kamba, ndoo ilibaki kisimani.

UKUTA na ngonjera

Tugeuke sasa upande wa kusini, ambako kazi ya namna nyingine ilikuwa ikifanyika kwa Kiswahili na kwa nguvu za wenyewe. Washairi wa Tanzania walikuwa na chama chao, Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kwa kifupi UKUTA. Hawakupata kuwa na nyumba yenye ukumbi wa picha. Ukumbi wao ulikuwa kurasa za magazeti, ambamo mshairi wa Tanga alimjibu mshairi wa Dodoma, na mkulima alishindana na hakimu kwa vina na mizani.

Chombo chao cha kufundishia kilikuwapo miaka 12 kabla ya kijitabu cha Mphahlele. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye waziri, alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Vitabu hivi viwili, cha Amri na cha Mphahlele, vikiwekwa mezani pamoja vinafundisha. Kimoja kinamwambia kijana: hii ndiyo kanuni ya waliokutangulia, ijue kabla hujafungua kinywa. Cha pili kinamwambia: tazama uliyoyaona wewe. Kila kimoja kina nusu ya kweli.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwaita washairi na kuwataka waitumie sanaa yao kuwaeleza wananchi siasa ya nchi. Mathias Mnyampala, hakimu na mshairi wa Ugogo aliyekuwa kiongozi wa UKUTA, aliitikia kwa kukuza utanzu wa ngonjera, yaani ushairi wa kujibizana unaoghaniwa na watu wawili au makundi mawili. Alifariki mwaka 1969, na mwaka uliofuata kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kikatoka. Ngonjera zilienea shuleni kwa kasi. Vijana waliokuwa wakiona haya kusimama mbele ya watu walisimama na kusema Kiswahili sanifu kwa sauti kubwa, bila ya fedha za mfadhili yeyote. Nasi huku kwa jirani tuliiga, na ninaamini tulifanya vyema kuiga.

Lakini turudi kwa swali la yule msichana. Katika ngonjera nyingi za namna ile, upande mmoja hauelewi na upande wa pili unaelewa. Asiyeelewa huuliza, akaelezwa, akashukuru, na mwisho wote wakaafikiana. Maswali ya mwenye shaka yaliandikwa na mtu ambaye tayari hakuwa na shaka. Kijana aliyeigiza ujinga na kijana aliyeigiza ujuzi walikariri wote wawili. Lugha ilikuwa yao, na sauti ilikuwa yao, ila neno lilikuwa la mtu mzima aliyeketi mezani mahali pengine. Huko Nairobi kijana alipewa nafasi ya kusema la kwake kwa lugha ya kuazima. Huku alipewa lugha ya nyumbani ili aseme la mwingine.

Jukwaa la kijiji

Palikuwapo majaribio ya kuziba pengo hilo. Mwaka 1965, chini ya uongozi wa David Cook, wanafunzi wa Makerere walianza jukwaa la kusafiri lililozunguka Uganda na Kenya bila ya kutoza kiingilio, wakacheza kwa Kiingereza na pia kwa lugha za nchini, Kiswahili kikiwamo. Watu ambao hawakupata kuingia ukumbi wa michezo waliletewa mchezo uwanjani kwao.

Jaribio lililokwenda mbali zaidi lilikuwa la Kamĩrĩthũ, karibu na Limuru. Hapo kijijini palikuwa na kituo cha vijana kilichokuwa kimezorota. Mwaka 1976 mama mmoja wa kijiji alimwendea Ngũgĩ wa Thiong'o nyumbani kwake na kumwomba yeye na wasomi wenzake waje kukiinua. Walianza na madarasa ya kusoma na kuandika kwa watu wazima, chini ya Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Kisha wakataka mchezo. Wasomi hao wawili waliandika mswada wa Ngaahika Ndeenda kwa Kigĩkũyũ, wakausoma mbele ya wanakijiji, na wanakijiji wakausahihisha. Mzee hasemi hivi, walisema. Wimbo huu hauimbwi hivi. Kiwandani mambo hayakuwa hivyo. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wanakijiji wakajenga kwa mikono yao jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu wapatao 2,000. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, na katikati ya Novemba serikali ikaufuta kibali chake. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini kwa karibu mwaka mzima. Mwezi wa Machi 1982 jukwaa lilibomolewa na askari.

Hapa lugha ilikuwa ya watu, neno lilikuwa la watu, na nyumba ilikuwa ya watu. Tena chanzo chake hakikuwa mgeni aliyekuja na mpango. Chanzo kilikuwa mama aliyeona kituo cha vijana kimelala na akaenda kubisha hodi kwa msomi. Aliyebomoa jukwaa alishindwa kuwaondolea watu habari yake, kwa sababu hawakufundishwa na mtu mmoja. Kila mmoja wao alikuwa amelitengeneza.

Kilichobaki kwa walimu

Yapo mafunzo ambayo historia hii inatukabidhi, nami nitayataja kwa kifupi.

La kwanza ni juu ya lugha. Vitabu vya sheria havitoshi kumpa kijana lugha. Lakini hatua ya mwaka 2022, ambapo Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi na kikapendekezwa kuwa somo la lazima shuleni, imetuletea wanafunzi wengi ambao si Waswahili wa kuzaliwa. Tukiwafundisha kwa kukariri tu, watakuwa na Kiswahili cha jukwaani, na mambo yao ya moyoni yatabaki katika lugha nyingine. Mtunzi hukua katika lugha anayoweza kukosea ndani yake bila ya kuaibishwa.

La pili ni juu ya kanuni na uhuru. Hatuna sababu ya kumchagua Amri Abedi tukamwacha Mphahlele, au kinyume chake. Kijana na ajifunze vina na mizani, maana ni mali ya lugha na ni malezi ya sikio. Kisha apewe ukurasa mtupu. Anayepewa kanuni peke yake huwa mwangwi. Anayepewa uhuru peke yake mara nyingi hana cha kuushikia.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni juu ya urithi. Nyumba hufungwa. Mfadhili huchoka, mwanzilishi huhama, serikali hubadilika. Kilichobaki cha Chemchemi hakikuwa jengo; ni kile kilichoingia katika vichwa vya walimu na wanafunzi waliohudhuria, na kijitabu kilichochapwa kwa bei ndogo. Maji ya chemchemi hudumu kwa kadiri ya mitungi iliyokuja kuyachota. Mphahlele mwenyewe alilijua hilo. Aliporejea Afrika ya Kusini mwaka 1977, baada ya miaka 20 ya uhamisho, hakuacha kazi ile: pamoja na kufundisha chuo kikuu, alianzisha baraza la elimu na utafiti kwa ajili ya watu weusi, lililojitegemea na lililowafunza vijana nje ya shule za serikali ile ile iliyomfukuza. Alifariki mwaka 2008, akiwa bado anaitwa mwalimu.

Chama chetu hakina ukumbi wala mfadhili wa Paris. Kina walimu waliotawanyika katika shule nyingi, kila mmoja akiwa na darasa na saa moja ya ziada kwa wiki, na pengine daftari la kuhifadhia kazi za wanafunzi. Naomba tusidharau mali hiyo. Duara la vijana kumi wanaosomeana waliyoyaandika, chini ya mwembe ule ule wa sherehe, ni nyumba ya sanaa. Tukiwafunza wawili kati ya hao kuliongoza duara, halitavunjika siku mwalimu atakapohamishwa.

Nilimjibu yule msichana baada ya kufikiri. Nilimwambia aandike maneno yake. Wiki ile aliniletea nusu ukurasa, wenye makosa ya ngeli karibu katika kila sentensi, juu ya asubuhi ambayo baba yake alimswaga ng'ombe wao wa mwisho kwenda mnadani ili apate karo. Aliandika kwamba alijifunika shuka kichwani asimsikie ng'ombe, na kwamba alimsikia hata hivyo. Alipousoma darasani, wenziwe hawakupiga makofi. Kijana mmoja wa nyuma, asiyezoea kusema, alimwuliza ng'ombe yule alikuwa na rangi gani. Yule msichana akajibu, akaketi, akachukua kalamu akaongeza rangi hiyo katika sentensi yake ya kwanza. Makosa ya ngeli tuliyasahihisha pamoja wiki iliyofuata.